Viza Imegoma, Ng'ombe Watatu Wameenda: Kilichompata Mpiga Ngoma Wetu wa Bariadi

Leo ubuyu wa mastaa wa Dar tuuweke pembeni kidogo. Nina stori ya mtu ambaye huku kwetu Simiyu ni staa kuliko hao wote, ila jina nalihifadhi kwa sababu ameniomba. Watu wa Bariadi mtamjua tu mkifika katikati. Mkimjua, kausheni.

Ni mpiga ngoma. Bugobogobo, ile ya majembe. Kipindi Nanenane ya kitaifa inafanyika pale Nyakabindi, 2018 hadi 2020, niliona kwa macho yangu watu wanaacha mabanda ya matrekta wanakimbilia alipo yeye. Hana YouTube, hana Insta. Ana mama yake, mke, watoto wanne, ekari kumi na mbili na ng'ombe. Wangapi? Hajawahi kuniambia. Kumuuliza Msukuma ana ng'ombe wangapi ni kama kumuuliza mtu wa mjini neno la siri la simu yake.

Mimi nimemjuaje? Nina steshenari hapa mjini, sio mbali na stendi. Nje nimeandika kopi, kuchapa na laminesheni, lakini wote mnajua steshenari ya mkoani ndio ofisi ya kila kitu: mkopo wa chuo, TIN, ajira za serikalini, maombi ya pasipoti. Na miaka hii, viza. Kwa hiyo karatasi za watu nimeziona nyingi, na machozi yao pia.

Mwanzoni mwa 2024 kikundi chao kilialikwa Ulaya. Kuna mgeni alikuwa ametoka Serengeti, akapita Lamadi, akawakuta wanacheza kwenye harusi, akarekodi. Video ikazunguka huko kwao mpaka ikafika kwenye kituo kimoja cha utamaduni. Watu sita, wiki mbili. Tiketi, malazi, chakula, bima ya safari, vyote juu ya waalikaji. Barua ya mwaliko nimeisoma mwenyewe, ilisema hivyo hivyo, na ikamtaja kila mtu na kazi yake: wapiga ngoma na wachezaji wa asili, wakulima kutoka mkoa wa Simiyu.

Barua kama hiyo ni dhahabu. Nchi za Schengen zinakubali kabisa safari yako ilipiwe na aliyekualika, alimradi iandikwe wazi nani analipa nini. Kumbe wao walikuwa wameshamaliza nusu ya kazi na hawajui.

Hapo ndipo dalali akaingia.

Jamaa wa Mwanza, shati limenyooka, simu mbili. Akawaambia, "Wazee wangu, ukienda ubalozini kama mkulima umekwisha. Mzungu hampi mkulima viza." Milioni moja na laki mbili kila mtu, anatengeneza "faili". Mama wa mpiga ngoma akapeleka ng'ombe watatu mnadani ili hela ya dalali, pasipoti, ada ya viza na nauli ya kwenda na kurudi Dar ipatikane. Ng'ombe watatu, jamani. Kuna watu mjini hamjui hiyo ni nini. Hiyo ni ada za shule, ni hospitali, ni sehemu ya mahari ya kijana wa nyumba hiyo.

Faili lilivyotoka, mpiga ngoma wetu amekuwa Afisa Masoko wa kampuni ya vifaa vya ujenzi. Barua ya ajira, hati za mshahara za miezi mitatu, na stetimenti ya benki yenye milioni nane ambazo ziliingia Jumanne zikatoka Ijumaa. Mwenzake, anayerusha jembe kwa meno, amekuwa Meneja wa Stoo.

Wakaenda Dar. Sasa yeye mwenyewe alinisimulia kilichotokea dirishani, na mpaka leo sijui nicheke au nilie.

"Unafanya kazi gani?"

"Napiga ngoma. Na nalima pamba."

"Hapa pameandikwa Afisa Masoko."

"Hiyo aliandika mtu."

Yaani mtu mkweli mpaka basi. Amepewa uongo akaubebe, ukamshinda hapo hapo mlangoni.

Baada ya wiki mbili pasipoti zikarudi, zote sita, na karatasi ndani. Kwenye Schengen sababu za kunyimwa zimeorodheshwa kwenye fomu moja ya nchi zote, wanakuwekea alama kwenye kisanduku. Wao viliwekwa viwili: maelezo ya madhumuni ya safari hayaaminiki, na kuna shaka kama mwombaji atarudi kwao. Dalali alipopigiwa akasema mzungu siku hiyo kaamka vibaya, watoe laki nane wajaribu nchi nyingine. Walivyogoma, simu zote mbili zikazimwa.

Sasa kaa na hiyo kitu kidogo. Afisa ana karatasi mbili mezani. Moja imetoka Ulaya inasema huyu ni mpiga ngoma. Nyingine imetoka Mwanza inasema huyu ni Afisa Masoko. Na mtu mwenyewe amesimama mbele yake na viganja vigumu kama soli. Wewe ungempa? Ingekuwa faili lile halipo kabisa, angebaki na barua moja ya kweli. Ile milioni nane ndiyo ilimharibia, na wala haikuwa inahitajika, maana safari ilishalipiwa!

Watu wengi wanadhani viza inanyimwa kwa sababu wewe ni maskini. Kuna ukweli kidogo, sibishi. Lakini mezani kwangu naona zaidi watu ambao maisha yao ni mazuri tu, sema hayapo kwenye karatasi. Mali ya Simiyu haiongei lugha ya benki. Mtu ana zizi limejaa, ana ghala, ana shamba la babu, lakini akaunti ina elfu kumi na saba. Mkulima wa pamba hela yake inaingia kwa mkupuo mmoja msimu wa kuuza, baada ya hapo miezi mingi ni kimya. Afisa akiangalia stetimenti ya namna hiyo bila maelezo anaona hela ya kuazima. Na ukiweka hela ya kuazima kweli, inaonekana hivyo hivyo. Kwa hiyo tofauti yako na tapeli inabaki kwenye maelezo na risiti, basi.

Na uongo huu una bei tofauti kila nchi, msije mkadhani mwisho wake ni kunyimwa tu. Uingereza wakikukamata na karatasi ya kugushi unaweza kufungiwa miaka kumi. Marekani wakiamua ulidanganya jambo la msingi kwa makusudi, unaweza usikanyage kule maisha yako yote labda upewe msamaha maalumu. Na wale ada ya viza ya kutembea ni dola 185, hairudi, umepewa au umenyimwa. Marekani hata ukiwa msafi sheria yao inaanza kwa kukuhesabu kama mtu anayetaka kuhamia, ni kazi yako kuonyesha una cha kurudia nyumbani. Hiyo ndiyo ile "214(b)" watu wanayoitaja kama jina la ugonjwa.

Tukiwa hapo hapo Marekani. Kuna kijana mmoja mwanamuziki wa kanda hii, naye simtaji, anajaza ile fomu ya DS-160 kwenye kompyuta yangu. Fomu inauliza akaunti za mitandao ulizotumia miaka mitano iliyopita. Nikamuuliza, Insta yako ina nini? Akanionyesha. Posti ya juu kabisa, begi, miwani myeusi, maneno: "Bye bye Bongo, mtaniona kwenye TV, SIRUDI." Mwanangu! Hata intavyuu hujafanya, umeshamwandikia afisa jibu. Nilimwambia sio kufuta na kuficha, kwa sababu fomu unasaini kwamba ni kweli. Aache kwanza kuposti maisha ambayo hana, na swali likija aeleze kwa mdomo wake kwamba ilikuwa mbwembwe. Na mkipata viza, ile stika msiiposti. Ina namba zako, ina namba ya pasipoti, ina sura yako. Unawapa matapeli chakula.

Dada zangu mnaoahidiwa kazi za ndani Uarabuni, hii ni yenu na nitasema haraka. Mtu akikwambia nenda na viza ya matembezi, "itabadilishwa huko huko", ogopa. Ukifika huna mkataba unaotambulika, na pasipoti anaweza kuishika mwenye nyumba. Mkataba uusome ukiwa bado Tanzania, na wakala umuulizie TaESA kama anajulikana. Kuna binti wa Itilima alikuja kutoa kopi ya pasipoti, tukaongea nusu saa, akaondoka bila kutoa kopi. Sijui aliamua nini.

Turudi kwa mpiga ngoma.

Mwisho wa 2024 wale waalikaji wakaandika tena. Mwaliko wa Mei 2025, ila bajeti imepungua, watu watatu tu. Akaja dukani asubuhi, kofia mkononi. Mimi ndiye mdogo, nikamwamkia, "Mwangaluka, kaka." Akaitikia, akakaa, akasema, "Mdogo wangu, safari hii nataka niende mimi. Yule Afisa Masoko abaki."

Tukaanza upya. Kwanza jina. Hii kwetu ni janga, na watu wa Dar hamtatuelewa. Majina ya Kisukuma yana Ng', na kila ofisi inaandika inavyosikia. Chukua mtu anaitwa Ng'wandu. Cheti cha kuzaliwa kimeandika Mwandu, kitambulisho cha NIDA Ngwandu, barua ya mwaliko imeongeza h katikati, kadi ya kliniki ndio usiseme. Hao ni watu wanne! Halafu kile kialama cha juu hakipo kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, na kwenye tiketi ya ndege nacho kinaachwa. Hilo halina shida, ni kawaida. Shida ni herufi. Kanuni yangu ni moja: pasipoti ndiyo bosi. Fomu, mwaliko, bima, tiketi, vyote viandike kama pasipoti ilivyoandika, herufi kwa herufi. Vyeti vya zamani vinavyotofautiana unavitolea hati ya kiapo kwa mwanasheria kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Na kama pasipoti yenyewe ndiyo imekosewa, bora ulie sasa Uhamiaji kuliko baadaye uwanja wa ndege. Pasipoti yetu hii ya kielektroniki iliyoanza 2018 ni shilingi 150,000, na unajaza mtandaoni, kwa hiyo herufi unaziweka mwenyewe au unamwekesha mtu wa steshenari. Kabla hajabonyeza kutuma, soma. Soma kwa sauti. Kulwa na Doto waliwahi kuja kwangu, mapacha, tarehe moja, ubini mmoja, sura moja; Doto kwenye NIDA ana t mbili, cheti t moja. Tulikaa mpaka saa mbili usiku.

Pili, maisha yake. Nikamwambia alete kila karatasi inayoonyesha kwamba ana nyumbani. Akaleta mfuko wa Rambo. Aisee, mle ndani kulikuwa na mtu tajiri! Stakabadhi za kuuza pamba AMCOS za misimu mitatu. Hati ya hakimiliki ya kimila ya lile shamba, ile inayotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Cheti cha ndoa. Vyeti vya watoto. Usajili wa kikundi BASATA. Picha za Nyakabindi akiwa hewani, miguu haigusi chini. Hivi vyote vilikuwa chini ya kitanda wakati dalali anamchapia barua ya ajira.

Tukaongeza barua ya mtendaji wa kijiji. Hapo ndipo tulipogombana kidogo, kwa sababu mtendaji alitaka kuandika idadi ya ng'ombe na kaka hataki. Tukakubaliana waandike "ni mfugaji" na tarakimu ibaki kwake na kwa Mungu. Vya Kiswahili tukavipeleka vikatafsiriwe rasmi, BAKITA wanafanya hiyo kazi. Stetimenti tukatoa ya miezi sita, yenye hela yake kidogo ya kweli, na mbele yake barua ya ukurasa mmoja aliyoisema yeye kwa Kiswahili nami nikaiandika. Mimi ni mkulima na mpiga ngoma. Hela yangu inaingia msimu wa kuuza pamba, risiti hizi hapa. Gharama za safari analipa aliyenialika, ukurasa wa pili wa mwaliko. Nimenyimwa viza 2024 kwa sababu karatasi za ajira hazikuwa za kweli, zilitengenezwa na mtu niliyemlipa, nazifuta. Lazima nirudi mwanzoni mwa Juni, pamba inavunwa.

Kile kipande cha 2024 alikiogopa sana. "Nikijitaja si najichongea?" Nikamwambia kaka, alama zako za vidole wanazo. Mfumo wa viza wa Schengen unatunza maombi na vidole miaka mitano, na mfumo ni mmoja kwa nchi zote. Ile "tujaribu nchi nyingine" ya dalali ilikuwa ni kuingia chumba kile kile kwa mlango wa pili.

Picha nayo ilitusumbua. Studio zetu zimezoea pazia la bluu, wao wanataka nyuma kweupe, milimita 35 kwa 45. Tulipigia ukutani kwa jirani yangu aliyepaka rangi nyumba juzi. Ada ilikuwa imepanda, kutoka euro 80 za mwaka wa kwanza hadi 90, tangu Juni 2024. Bima inayolipa angalau euro 30,000 waalikaji wakakata. Tiketi ikawekwa oda tu, haikununuliwa. Na tuliomba Februari. Schengen unaruhusiwa kuanza miezi sita kabla ya safari na usichelewe chini ya siku 15. Watu wengi huja kwangu wiki ya mwisho, wanakimbia, wanataka miujiza kwenye printa.

Kati ya wale watatu, mzee mmoja mchezaji alifanya kama yeye. Wa tatu ni kijana, mjanja wa simu, akasema steshenari ni ushamba, akajaza mwenyewe gesti usiku. Pale fomu inapouliza kama umewahi kuchukuliwa alama za vidole kwa viza ya Schengen, akaweka hapana. Akidhani mwaka jana haukuhesabika kwa sababu alinyimwa.

Aprili majibu yakatoka. Wawili wamepata. Kijana amenyimwa. Fomu yake ina maelezo ya kukata rufaa, ana haki hiyo, lakini hakukata. Siku hizi tukikutana stendi anapita upande wa pili wa barabara, na mimi namwacha, maana sina la kumwambia ambalo hajajiambia.

Kaka alinipigia akiwa bado Dar. "Mdogo wangu, wameandika siku 16. Na tarehe hapa zinaonyesha nyingi zaidi. Nikae ngapi?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na watu wanaoenda kila mwaka hulikosea. Zile tarehe mbili ni dirisha la kuingilia na kutokea. Siku ndizo unazoruhusiwa kulala kule, na siku ya kufika inahesabika. Nikamwambia hesabu kumi na sita, hata tarehe zikibaki.

Alikaa kumi na nne. Nimeona video, kuna bibi wa kizungu anajaribu kurusha jembe, watu wamekufa kwa kucheka. Alirudi kwa ndege mpaka Mwanza, akapanda basi, akashukia Lamadi kwanza kumsalimia shangazi yake, ndipo akaja Bariadi. Kesho yake alikuwa shambani anavuna.

Posho aliyopewa alinunulia mtamba mmoja, akamkabidhi mama yake. Mama akashukuru, akamfunga zizini, akamwambia bado wawili.